Unyamavu Si Adabu

Hapana kosa lililoenea katika malezi ya elimu kama lile la kudhani kwamba mwanafunzi mwema ni yule anyamazaye. Wadhanio hivyo huuita unyamavu adabu, na swali huliita ujeuri. Kisha hustaajabu kuwaona vijana waliofaulu mitihani yote wakishindwa kutetea neno moja pasipo daftari. Dhana hiyo yapasa kupingwa, kwa kuwa haimheshimu mwalimu wala haimfai mwanafunzi.

Watetezi wake hukimbilia dini na mila. Na wawatazame basi Wayahudi, ambao sheria yao ya kale ilimtanguliza mwalimu mbele ya baba mzazi katika baadhi ya haki. Talmudi yasimulia habari za Rabi Yohanan, aliyefundisha Tiberias katika karne ya 3, na Resh Lakish, mnyang'anyi aliyeacha silaha akawa mwanafunzi wake, kisha mwenzake na shemeji yake. Siku moja walibishana juu ya sheria ya panga na visu. Mwalimu akamchoma kwa neno la kumkumbusha unyang'anyi wake. Resh Lakish akaugua, akafa. Yohanan akapelekewa mwanachuoni mwingine hodari, Eleazar, ili ampoze moyo. Huyu kila alilosikia alilitolea ushahidi wa kuliunga mkono. Yohanan hakupoa, bali alizidi kuhuzunika: yule wa kwanza alimletea vipingamizi 24 kwa kila neno, naye akavitolea majibu 24, na kwa njia hiyo sheria ikapanuka. Alilia mpaka akili zikamtoka.

Kisa hiki chatosha kuonyesha kwamba kifungo cha mwalimu na mwanafunzi hakikatwi na hoja. Hukatwa na dharau. Apingaye kwa hoja amemsikiliza mwalimu kuliko yule aitikiaye tu, maana hawezi mtu kupinga asilolielewa, lakini kuitikia aweza hata aliyesinzia.

Itasemwa kwamba huo ni ugeni. Vyuo vya Kurani vya Kisarawe vyakanusha. Mtoto husoma kwa sauti mbele ya mwalimu, naye humsikiliza herufi kwa herufi na kumsahihisha. Hapana awezaye kusahihishwa naye hajafumbua kinywa. Wanazuoni wa pwani nao hupeana ijaza, idhini ya kufundisha ipitayo toka mtu hata mtu kama pete za mnyororo, na mtoaji hana budi kumjua ampaye. Nyerere naye, aliyefundisha Pugu, jirani na Kisarawe, mpaka 1955 alipouacha ualimu kwa ajili ya siasa, na ambaye jina la Mwalimu halikumwacha hata alipokufa 1999, alitaka katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kijana alelewe awe na akili ya kudadisi. Wahenga walikwisha kusema kuwa kuuliza si ujinga.

Neno hili lina uzito wa pekee Kibaha na Kisarawe. Minaki ni mrithi wa chuo kilichohamia huko kutoka Kiungani, Unguja, katika 1925. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa 1963 kwa ushirika wa Tanganyika na nchi za Nodiki, likakabidhiwa kwa Tanzania 1970. Shule za namna hii hukusanya vijana wenye akili kali. Akili kali ikifundishwa kunakili tu, hasara yake ni kubwa kuliko ya akili butu, kama panga zuri litumiwalo kukorogea uji.

Wako watakaotoa udhuru kuwa wanafunzi ni wengi na saa ni chache. Udhuru huo ni wa kweli, lakini hautoshi. Darasa lisilo na nafasi ya vipingamizi 24 halikosi nafasi ya kimoja. Mwalimu akikipokea kimoja hicho bila hasira, akakijibu au akakubali kuwa hakijibiki leo, amejenga kifungo ambacho mtihani hauwezi kukijenga. Akikizima, atabaki na darasa tulivu. Na makaburi nayo ni matulivu.