Kabla ya Tiketi ya Kurudi

Ankara, mwezi wa Julai

Wazazi wetu, mama wadogo na baba wakubwa, wajomba na mashangazi mlioko nyumbani,

Kila ifikapo Juni, wanafunzi wa Afrika Mashariki walioko Uturuki huanza kupokea ujumbe wa aina moja. Picha zimeshaonekana huko: kijana kasimama chini ya maputo ya Kapadokia, begi mgongoni, miwani ya jua usoni. Na mtu anauliza, mwenye pesa za kuzurura namna hii anakosaje za kutuma? Wengine huuliza kwa upole, wengine humtuma dada mkubwa aulize kwa niaba yao. Barua hii inawajibia vijana hao, maana wenyewe wako barabarani na chaji ya simu ni ya kubahatisha.

Tuanze na pesa, kwa kuwa ndizo zilizoleta maneno. Wengi wao walikuja kwa Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki. Ufadhili huo hulipa ada, bweni, bima ya afya, mwaka mmoja wa kujifunza Kituruki, posho ya kila mwezi, na tiketi ya ndege ya kuja na ya kurudi. Posho hulipwa kwa lira. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulipita asilimia 85 kwa takwimu za serikali yenyewe, na waliokuwa vyuoni mwaka ule wanajua maana ya kurudi dukani na kukuta chupa ya mafuta ya kupikia imebadilishiwa bei tena. Kwa hiyo safari ya mwisho wa masomo haitoki kwenye posho ya mwezi mmoja. Huchangwa kidogo kidogo tangu majira ya baridi, kwa mtindo wa upatu, na kijumbe huchaguliwa yule asiyejua utani kwenye hela.

Tena muda wenyewe ni wa kusubiri. Tasnifu ikishatetewa, cheti hakitoki siku ile ile. Kuna saini za kufuatwa, maktaba inataka kuhakikisha hudaiwi kitabu, bweni linataka ufunguo wake. Darasa hakuna tena, na kuajiriwa kunahitaji kibali cha kazi. Basi wanaacha masanduku makubwa kwa rafiki, wanafunga begi moja moja, wanakwenda kituoni.

Mtauliza, mbona hawakwenda Paris, ilhali Ulaya iko pale pale? Kibali cha ukaazi cha Uturuki hakimfungulii mtu mpaka wa Ugiriki. Viza ya Schengen inaombwa upya kama anavyoomba aliyeko Kigoma, na ada yake hairudishwi ukikataliwa. Ndani ya Uturuki kwenyewe, treni za mwendo kasi zipo, lakini hufika miji michache. Basi hufika kila mahali.

Na mabasi yao, jamani! Kituo kikuu cha Esenler, Istanbul, kina wapiga debe wanaomzidi hata yule wa stendi ya Mbezi: "Ankara, Ankara, Ankara!" Ukishapanda ndipo mambo yanapobadilika. Viti mara nyingi ni viwili upande mmoja na kimoja kimoja upande wa pili. Utingo, ambaye wenyewe humwita muavin, amevaa kizibao na tai, anasukuma kigari cha chai, maji na keki zilizofungwa. Anapita pia na chupa ya kolonya, manukato yenye harufu ya limau, abiria wanakinga viganja naye anawamiminia. Binti mmoja wa Lamu alijipaka usoni bila kuuliza, kama mtu aliyemwagiwa marashi ya mrashi kwenye maulidi, na macho yakamwasha hadi Bolu; kolonya ina spiriti nyingi.

Wazee wa pwani watafurahi kusikia kwamba mkata tiketi huuliza kama abiria ni mwanamume au mwanamke, na kwa kawaida hamweki mwanamume kando ya mwanamke asiyemjua. Kundi lenye mchanganyiko hununua tiketi kwa pamoja, la sivyo hutawanywa basi zima.

Ujanja mkubwa ni kusafiri usiku. Tanzania iliruhusu tena mabasi ya abiria kutembea usiku mwaka 2023 tu, baada ya marufuku ya miaka mingi; huku ndiyo desturi, na anayelala kwenye basi hajalipa gesti. Saa nane za usiku basi linaingia kwenye kituo cha mapumziko, taa zinawashwa, watu wanashuka na nywele zimesimama kwenda kunywa supu ya dengu yenye limau. Wakati huo vijana wenye brashi ndefu na mipira ya maji wanaliosha basi mpaka vioo vinang'aa, ingawa nje ni giza na hakuna wa kukitazama kioo.

Kapadokia, yale maputo mliyoyaona: hakuna aliyepanda hata moja. Bei yake hailingani na mfuko wa mwanafunzi. Huamka alfajiri, upepo ukiwa bado umetulia, wakapanda kilima cha Göreme na kuyatazama kutoka hapo. Pesa huenda Derinkuyu, mji uliochimbwa chini ya ardhi, ghorofa juu ya ghorofa, wenye milango ya mawe ya duara iliyoviringishwa kufunga njia adui akija. Kuna mahali inabidi kuinama sana, na mrefu wa kundi lazima agonge kichwa. Konya hupitwa kwa siku moja, kwa ajili ya kaburi la Mevlana Jalaluddin Rumi, aliyefariki mwaka 1273. Pamukkale unavua viatu ndipo ukanyage mawe yake meupe.

Lakini kituo ambacho barua hii ingependa mkisikie zaidi ni mkoa wa Izmir. Katika vijiji vya Torbalı na Bayındır wamo Waturuki weusi, wajukuu wa Waafrika walioletwa utumwani enzi za dola ya Uthmaniya. Kwenye karne ya 19 wazee wao waliokuwa wameachiwa huru walikuwa na Sikukuu ya Ndama, Dana Bayramı, iliyoongozwa na wanawake wazee walioitwa godya. Sherehe ilikufa, kisha ikafufuliwa katika karne hii. Aliyesukuma jambo hilo ni Mustafa Olpak wa Ayvalık, aliyeanzisha chama chao mwaka 2006. Mwaka mmoja kabla alikuwa amechapisha kitabu kuhusu ukoo wake na jina lake linaeleza njia nzima: *Kenya–Girit–İstanbul*. Girit ni Krete. Wazee wake walitekwa Kenya, wakafanywa watumwa Krete, na familia ikahamia Ayvalık wakati Uturuki na Ugiriki zilipobadilishana watu kwa mkataba wa mwaka 1923. Olpak alifariki mwaka 2016.

Kundi moja la vijana wetu liliteremka katika mojawapo ya vijiji hivyo vya Izmir likitafuta chai tu. Mzee aliyewakaribisha mezani ana uso ambao ungekutana nao Kilifi usingegeuka mara mbili. Akauliza kwa Kituruki wametoka wapi. Kijana wa Malindi akajibu. Mzee akasema bibi yake naye alitoka "huko", akaonyesha kusini kwa kidevu, zaidi ya hapo hana jina la mji wala la kabila. Akakataa kulipiwa chai. Somo hili hakuna profesa aliyewafundisha kwa miaka yote waliyokaa bwenini, na kwa nauli ya basi ni rahisi mno.

Si kwamba njia nzima ni tamu. Katika miji midogo watu huwakodolea macho, wengine huomba kupiga nao picha bila hata salamu. Askari husimamisha mabasi kukagua vitambulisho, na mgeni husomwa kadi yake pande zote mbili huku abiria wote wakisubiri. Wanajifunza kunyamaza na kutabasamu, ingawa wasingelazimika.

Vyeti vitatoka kabla ya Septemba. Wa Tanzania watavipeleka TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, vitambuliwe kabla ya kuomba kazi, kwa hiyo msiwapangie usaili wiki ya kwanza. Kuhusu zawadi, tiketi ya ufadhili ina kikomo cha kilo, na vitabu vimeshachukua nusu yake. Aliyeagiza zulia amtumie mwenyewe hela ya mzigo.