Kabla ya kumfukuza paka

Msimu wa karafuu umeingia, wachumaji wanarejea majumbani na matandiko waliyoyalalia kambini, nasi hapa Pujini tumekwisha kusikia nyumba zaidi ya moja ikimlaumu paka kwa watoto kuamka na mapele. Paka amefukuzwa, mapele yamebaki.

Paka huleta kiroboto, naye ana alama zake. Mwili wake umebanwa mbavuni, hana mbawa, na akiguswa huruka. Huuma zaidi vifundo vya miguu na miundi, kwa kuwa hukulia katika vumbi la sakafu na majamvi. Tembea chumbani na soksi nyeupe: wakiwapo, utawaona wameng'ang'ania hapo.

Kunguni ni mwingine kabisa. Amebapa kama aliyekanyagwa, rangi ya hudhurungi, akikaribia urefu wa punje ya mchele. Haruki, hutembea. Makazi yake ni nyufa za kitanda, penye kamba na mbao, na pindo za godoro. Huuma mikono, shingo na uso, mara nyingi kwa mstari. Lakini ushahidi wa kuaminika si pele, kwani ngozi za watu hutofautiana. Ni vidoa vyeusi kama wino kwenye shuka, na maganda makavu. Anayeamka kabla ya alfajiri amulike tochi kwenye pindo: ndiyo saa yake ya kuzurura.

Kiroboto huondolewa kwa kumtibu paka, kufagia kila siku na kufua. Kunguni huweza kukaa miezi bila kula, basi kuhama chumba hakumkomeshi. Kuanika godoro pekee hakutoshi. Hukimbilia upande wa kivuli. Chemsha shuka, mimina maji yanayotokota katika nyufa, urudie baada ya siku kumi, kwani mayai yaliyonusurika huwa yameangulika.

Linalotutia hofu hasa ni dawa ya shamba kunyunyizwa kwenye godoro la mtoto. Sumu ile haikutengenezwa kwa ngozi wala mapafu ya aliyelala, na kunguni wa sehemu nyingi duniani wamekwisha kuzizoea dawa za kawaida.

(Wanaouliza juu ya kanzu yenye doa: wanazuoni wa Kishafii wameisamehe damu ya kiroboto na mfano wake.)

Wala mtoto mwenye mapele asizuiwe chuoni. Kunguni hakai mwilini mwa mtu. Utazamwe mkoba wake na mkeka wake, kwa faragha, naye aachwe asome.