Mwani wa Paje: Ugonjwa unaoonekana baada ya hasara

WAKULIMA wa mwani wa Paje, wengi wao wanawake, hushuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na kamba kubaki wazi juu ya mchanga. Ndio wakati wa kupanda na kuvuna. Ndio pia wakati wa kugundua kwamba shina lililokuwa zima limegeuka jeupe na laini, na likiguswa hukatika.

Kilimo hicho kilianza kibiashara Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Tangu hapo mwani mnene, wenye bei nzuri kuliko mwembamba, umezidi kuwa mgumu kustawi kadiri maji ya kina kifupi yanavyopata joto. Mmea uliodhoofishwa na joto huvamiwa na bakteria, wakiwamo wa jamii ya Vibrio, na vimeng'enya vyao huulainisha.

Hapa kemia ina la kusaidia. Baadhi ya vimeng'enya hivyo, viitwavyo protease, hukata protini. Mkemia huunda mnyororo mfupi wa asidi amino, akafunga rangi ing'aayo upande mmoja na upande wa pili kitu cha kuuzima mwanga wake. Mnyororo ukiwa mzima, giza. Kimeng'enya kikiukata, rangi huachiliwa ikang'aa.

Ugumu uko katika kuchagua mpangilio wa mnyororo. Bahari imejaa bakteria wasio na madhara wenye protease zao, na mwani wenyewe unazo. Kipimo kinachong'aa kwa kila kitu hakimfai mkulima. Isitoshe, mwani huu ni wa kundi la mwani mwekundu, ambao una rangi ya asili inayotoa mwanga wa chungwa, hivyo rangi ya kipimo sharti iwe tofauti. Tena karajinani, ute ambao ndio unaonunuliwa, ni sukari, si protini. Kwa maoni yetu, kipimo cha kufaa Paje lazima kinase pia vimeng'enya vinavyokata ute huo.

Sampuli ikipelekwa mjini kuoteshwa maabara, majibu huchukua siku kadhaa, na bamvua haisubiri. Jibu likipatikana papo hapo ufukweni, kabla ya weupe kutokea, mkulima angeweza kuvuna mapema na kuchagua matawi mazima ya mbegu. Likija baada ya maji kujaa, kamba ile itakuwa imekwisha kupukutika.