Jani la Chai Nalo Lina Nukta Zake

Sisi wa pwani chai twaijua kikombeni, pamoja na iliki na tangawizi yake. Mnada wake uko kwetu Mombasa tangu 1969, ulipohamishwa kutoka Nairobi. Lakini jani lenyewe, wangapi tumelitazama?

Nilipofika Itumbe, Kisii, penye kiwanda cha chai, niliona vilima vimevaa kijani kimoja. Wachumaji huchuma majani mawili na kichipukizi. Kwa macho, michai yote ni ndugu. Ligeuze jani changa chini ya hadubini, uone mengine: mgongoni pana vinyweleo vyeupe, na baina yake vitundu vidogo mno ambavyo jani hupumulia. Upande wa juu vitundu hivyo havipo. Wingi wa vinyweleo na ukubwa wa vitundu hutofautiana aina kwa aina, na wataalamu huvitumia kupambanua chai ya China, ya Assam na machotara yake.

Tuliosoma chuoni hatushangai. Be, te na the umbo lake ni moja; nukta ndizo zizitengazo.

Na mwenye kushika alama moja ya nje hukosea, hata akiwa bingwa. Linnaeus wa Uswidi, mwaka 1762, aliigawa michai mafungu mawili kwa kuhesabu petali za ua: huu wa chai nyeusi, huu wa chai ya kijani. Kumbe mti ni mmoja. Weusi ni kazi ya mtengenezaji.

Kwa hiyo nasema, elimu hii isibaki maabara za Kericho. Mche upandwao leo waweza kuchumwa miaka 50 na zaidi. Mkulima akiuziwa usio wake, hasara huirithi wanawe. Mchai wa zambarau, TRFK 306, uliotolewa 2011, hata mtoto ataujua. Ni hii ya kijani itakayo jicho.

Watasema alama hizi peke yake hazitoshi, kwani michai huchanganyika mbegu. Kweli, lakini shahidi mmoja akipungua hatuwafukuzi waliobaki. Kioo cha mkono chatosha kuonyesha vinyweleo. Vitundu navyo, mpake jani rangi ya kucha isiyo na rangi, ikauke, uibandue, uitie chini ya hadubini ya shule: vyote vimejichapa humo.

Watoto wa Itumbe wafunzwe hayo, kwa lugha waielewayo. Jani ni lao; haifai wengine walisome, wao walichume tu.