Mnyang'anye Penseli, Mpe Omena

Wazazi wa Kisumu, leo tutakosana kidogo. Hebu niambieni, mtoto wa miaka minne anafanya nini na daftari la kurasa mia moja?

Najua jibu: "Shule inafundisha." Hapo ndio tunadanganyana. Nyinyi mnapima shule kwa daftari zilizojaa, na mwenye shule ashawasoma, kwa hivyo anazijaza. Mtoto wa PP1 anarudi na kazi ya kuandika herufi moja mistari kumi na mbili. Saa mbili usiku mama amemshika mkono anamsukumia penseli, mtoto analia. Kesho ticha anaweka alama ya vyema. Sasa hapo nani ameandika?

Kuna shule moja, jina naliacha, watoto wanachapwa vidole na rula ati wanashika penseli vibaya. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kuchapa mwanafunzi. Na hata bila sheria, rula haijawahi kuongeza nguvu kwa kidole.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto akizaliwa, hapo pote ni gegedu laini. Mfupa wa mwisho huanza kukomaa akikaribia miaka kumi hivi. Kumkazania mwandiko akiwa na miaka minne ni kuingiza boti ziwani kabla nyufa hazijazibwa.

Vidole vinajengwa kwa kazi, na kazi tunayo tele. Mpe sinia ya omena achague, atoe vijiwe. Mpe karanga amenye. Ukipika chapati, mkatie donge lake alifinye. Samaki akija mezani, acha kumtolea nyama na kumlisha na kijiko kama mgonjwa! Akae na mkubwa, atafute miiba mwenyewe kwa ncha za vidole. Akifinyanga tonge la ugali na kulitoboa kwa dole gumba ili achote mchuzi, hayo ndiyo mazoezi ya kushika penseli. Dani amekuwa mwalimu wa mwandiko miaka yote na hakuna aliyemlipa karo.

Nguo zikianikwa, yeye abane vibanio. Jioni mchimbieni mashimo chini mcheze ajua, achukue mbegu mojamoja. Akiwa mkubwa kidogo, apige bano. Mabua makavu ya gugu maji, yale mafundi wa Dunga wanasukia vikapu, mpe matatu asuke kama nywele. Herufi je? Weka mchanga kwa beseni, ulowanishe, achore kwa kidole. Akikosea anapangusa tu. Hakuna raba, hakuna karatasi kuraruka, hakuna kulia.

Na simu haihesabiki. Kuteleza kidole juu ya kioo hakuhitaji nguvu yoyote.

Mtasema hizi ni hadithi za kijijini. Haya, mwaka 1907 daktari Maria Montessori alifungua shule yake ya kwanza kwa mtaa wa maskini kule Rome. Watoto walipitisha vidole juu ya herufi za msasa kabla ya kuandika. Leo kuna wazazi wanalipa karo nzito kwa sababu jina lake liko kwa geti. Sisi vifaa viko jikoni, na tunaviona ushamba.

"Lakini ataachwa nyuma na wenzake." Nyuma ya nani? Mtaala wa umilisi, ulioanza nchi nzima 2019, umeweka kazi za mikono na ubunifu ndani ya masomo ya chekechea. Kufinyanga ni somo. Shule inayofuta kipindi hicho ili watoto wanakili ubao inawaibia, na nyinyi mnashangilia.

Katiba ya 2010 iliachia kaunti elimu ya chekechea. Kwa hivyo MCA akija kuomba kura Nyalenda au Kondele, msimuulize rangi ya ukuta peke yake. Muulizeni udongo uko wapi, mchanga uko wapi, makasi ya watoto yako wapi.

Na wewe mzazi, Ijumaa hii ukienda kuchukua mtoto, usifungue daftari kwanza. Angalia mikono. Ikiwa misafi kila siku, muulize ticha kwa nini.