Uhuru wa kuabudu Muscat wategemea ruhusa ya mwajiri

Mjini Muscat, mji mkuu wa Oman, Wakristo wengi husali Ijumaa, siku ya mapumziko. Makanisa yako Ruwi na Ghala, kwenye ardhi iliyotolewa na marehemu Sultan Qaboos bin Said, na waumini wa madhehebu na lugha mbalimbali huyatumia kwa zamu.

Sheria ya Msingi ya mwaka 1996, na iliyochukua nafasi yake mwaka 2021, zinalinda uhuru wa kuabudu. Hata hivyo, ibada za pamoja zinaruhusiwa katika maeneo yaliyoidhinishwa pekee.

Sharti hilo huwaelemea zaidi wafanyakazi wa majumbani, wakiwemo wanawake kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Sheria ya kazi ya mwaka 2023 haikuwahusu, na wengi huishi nyumbani kwa waajiri.

Hapo ndipo uongozi wa kanisa unapopimwa. Ugenini, usharika huchukua nafasi ya ukoo: huchangia wagonjwa, hufariji wafiwa na hutoa ushauri. Lakini mwenye shida kubwa zaidi mara nyingi ndiye asiyeweza kufika.

Mwaka 2023 Oman na Vatican zilianzisha uhusiano wa kibalozi. Kwa mfanyakazi asiyepewa siku ya mapumziko, uhuru huo bado unategemea ridhaa ya mwajiri.