Bujumbura: majirani kwenye foleni ya maji, maadui kwenye WhatsApp

Asubuhi katika mtaa wa Buyenzi, si rahisi kujua nani ni Mrundi, nani ni Mkongomani aliyekimbia vita. Kiswahili ni kimoja, foleni ya maji ni moja. Watu wanasalimiana, wanakopeshana makaa, na wakigombana mama mmoja mzee anawanyamazisha. Jioni, baadhi ya watu hao hao wanapokea odio kwenye simu ikisema kwamba wenye sura fulani ni wapelelezi wa adui. Nao wanaituma mbele.

Odio za namna hiyo zina uzito zaidi tangu M23 ilipochukua Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kisha ikaingia Uvira mwezi Disemba. Makumi ya maelfu ya watu wamekimbilia Burundi, wengi kwa kuvuka mto Rusizi. Munyamulenge anashukiwa kwa sura yake, hata kama amekimbia vita hivyo hivyo. Jambo hili si dogo. Gatumba, karibu kabisa na Bujumbura, usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa kambini, wengi wao Banyamulenge. WhatsApp haikuwepo. Chuki haikuisubiri, lakini leo inasafiri nayo.

Kwenye foleni, anayetoa neno baya anaona uso wa aliyeambiwa, na kesho anaweza kumhitaji. Kwenye grupu la watu mia kadhaa, wengine Uvira, wengine Nairobi, wengine Marekani, anayepongezwa ni mwenye maneno makali. Mara nyingi mkali kuliko wote ni yule aliye mbali: hatakutana sokoni na mtu aliyemtukana. Na odio iliyopita mikononi mwa watu hamsini haina mwenyewe. Kila mmoja atasema, "Mimi nimeletewa tu."

Warundi wanawajua abashingantahe, wazee wanaoamua ugomvi kilimani. Wazee hao huwasikiliza wote wawili kabla ya kutoa uamuzi. Kwenye grupu, anayeshutumiwa mara nyingi hayumo hata kwenye orodha. Kiongozi wa grupu ndiye angekuwa mzee wa kuamua, lakini wengi wao tunawasikia tu siku ya kudai michango.

Kuzima simu si jibu. Redio binafsi za Bujumbura ziliposhambuliwa Mei 2015, ni mitandao hiyo iliyosaidia watu kupata habari. Hata leo, familia zilizotawanyika kati ya Uvira, Bujumbura na kambi ya Musasa zinatafutana kwa simu hizo hizo.

Ukiletewa odio isiyo na jina, mpigie mtu unayemjua aliye huko inakotaja, umuulize alichoona kwa macho yake. Na wewe unayeongoza grupu: tangu 2022 WhatsApp inakuruhusu kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote, ukatoweka kwa wote. Bonyeza ujumbe huo kwa muda, chagua kufuta.